Jengo imara nalo husogea

Wengi huamini kwamba jengo imara halisogei hata kidogo, na kwamba wahandisi wakifunga vipimo kwenye bwawa au daraja, basi kuna hitilafu inayofichwa.

Kwa kweli kila kilichojengwa husogea. Zege hutanuka kwa joto: daraja la mita 100, joto lake likipanda nyuzi 10, hurefuka takriban milimita 10. Ile mianya inayolia du-dum gari likipita imeachwa kwa kazi hiyo. Ukuta wa bwawa nao huinama kidogo maji yakijaa, ukarudi yakipungua. Ndiyo sababu vipimo vingi huwekwa tangu wakati wa ujenzi: timazi ndefu ndani ya ukuta, au inklinometa, yaani kifaa cha kupima mwinamo, inayoshushwa kwenye bomba ardhini kuona kama udongo unateleza. Namba moja haisemi mengi. Kinachotazamwa ni mwenendo wake.

Ufa wa nyumbani unaweza kuupima mwenyewe. Gongea misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kwa kalipa (kifaa chenye taya mbili cha kupimia umbali mdogo), kisha uandike tarehe na hali ya hewa. Rudia kila mwezi, saa ileile, kwa mwaka mzima. Mwaka ni mrefu, najua, lakini kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kusinyaa kiangazi, vipimo vya miezi mitatu vinaweza kukudanganya. Ufa ukizidi kupanuka bila kurudi, au milango ikianza kukwama, usisubiri mwaka uishe, mwite mhandisi.