Prodyuza si mwenye pesa, jamani

Jumamosi nilikuwa arusi Kondele, hapa Kisumu, mjomba akanitambulisha kwa wazee, "Huyu ni prodyuza wa sinema, huyu ana pesa." Hata sijanawa mikono, kijana mmoja amenivuta kando na skripti kwenye simu, eti mimi nitoe milioni mbili, yeye adairekti, tugawane faida. Nimeisikia hii stori mara nyingi mpaka nimechoka, kwa hivyo leo naandika.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, ikieleza mtunzi wa filamu ni nani, haisemi dairekta, haisemi mwenye kamera, na haisemi aliyetoa pesa. Inasema ni yule aliyefanya mipango ya filamu kutengenezwa. Mipango, na huyo ndiye prodyuza!

Na mipango ni nini? Tulikuwa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria, tushuti sini ya wavuvi wanarudi alfajiri, mitumbwi minne imekodiwa. Usiku upepo ukageuka, kufika saa kumi na moja magugu maji yamefunga ufuo wote, kijani tupu, mtumbwi hausogei. Dairekta ameshika kichwa. Aliyetoa pesa amelala kwake Milimani. Sasa nani anajua mwenyekiti wa BMU, kikundi kinachosimamia ufuo, aliahidiwa siku ngapi, mama wa chakula ameshapika omena ya watu wangapi, mwigizaji mkuu anarudi Nakuru na gari ya saa ngapi, na nyumba ya sini ya jikoni inaweza kufunguliwa leo badala ya kesho? Mimi ndio najua, kwa sababu hiyo ndiyo kazi. Kufika saa mbili tulikuwa tunashuti jikoni.

Leseni ya kushuti ya KFCB, bodi ya filamu, kibali cha droni cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege, bima, hizo shughulikia mapema tu, siongezi kitu.

Kinachoniuma ni karatasi. Mtu akikupa pesa, ni mkopo, ni zawadi ama amenunua sehemu ya filamu? Hivyo ni vitu vitatu tofauti kabisa na watu wanavichanganya mpaka siku filamu inapata mnunuzi, ndio kila mtu anasema ni yake. Hakimiliki haihamishwi kwa mdomo, sheria inataka maandishi na saini ya anayeitoa. Filamu yangu ya kwanza skripti iliandikwa na rafiki, tukaelewana kwa soda. Baadaye stesheni moja ikataka kuinunua, ikaomba karatasi ya kuonyesha hadithi ilitoka kwake ikaja kwangu, na jamaa alikuwa ameenda Qatar, simu hashiki. Biashara ikafa hivyo. Hiyo hiyo filamu ina sini ya kibanda, redio inacheza ohangla, muziki wa Kijaluo, nyuma, sekunde ishirini tu, na ile inahitaji ruhusa mbili, ya mtunzi wa wimbo na ya mwenye rekodi. Utasema si edita autoe tu. Haitoki, imeshikana na sauti za waigizaji kwa maiki moja, ukitoa wimbo unatoa na maneno ya mama anayelia. Na kuzima redio kabla ya kushuti hakungegharimu hata shilingi!

Lakini kuna jambo bado linanisumbua, na hapa sina jibu. Kuwaambia kru, yaani wafanyakazi wa filamu, watalipwa filamu ikiuzwa. Nimeandika mikataba kama hiyo, safi, imesainiwa, na filamu haikuuzwa. Kijana wa sauti wa Nyalenda bado ananisalimia vizuri tukipatana Kibuye na mimi naona aibu, saini yake haikumlipia nyumba. Siku hizi napunguza siku za kushuti kabla sijagusa malipo ya mtu. Ila anayeanza na filamu yake ya kwanza, hana kitu cha kupunguza, huyo nimwambie nini?

Yule wa arusini nilimuuliza tu, hii skripti umeandika na nani? Akasema na binamu yake wa Eldoret. Nikamwambia ampigie leo leo, waandikiane na wasaini, halafu aje tukae chini na bajeti.