Mafuta ya breki na unyevu wa Pwani: namba ninayoitazama mimi

Wenye Subaru Impreza na Mitsubishi Evo hapa Mombasa, wale wanaoendea gari kazini wiki nzima kisha wakapanda nalo bara kulikimbiza uwanjani, huniuliza swali moja: "Fundi, nitie mafuta gani ya breki?" Na wengi huwa washachagua, kwa kutazama namba kubwa ya nyuzi za mchemko iliyoandikwa mbele ya kopo. Namba ile ni ya kweli, lakini ni ya siku kopo linapofunguliwa.

Mafuta ya breki hupangwa kwa madaraja ya DOT. Ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yana asili ya glaikoli, na glaikoli hunywa maji. Ndiyo maana kila daraja lina vipimo viwili vya mchemko: kimoja mafuta yakiwa makavu, kingine yakiwa yameshanyonya maji kama asilimia 3.7. DOT 3 lazima ifike angalau nyuzi 205 za Selsiasi ikiwa kavu, na 140 ikiwa na maji. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Sisi twaishi kando ya bahari. Unyevu unaoifanya chumvi ya mezani ishikane mabonge ndio huohuo unaopenya taratibu kwenye hozi za mpira na kwenye kitundu cha kifuniko cha kichupa cha mafuta. Kwa hiyo mimi husoma namba ya pili kwanza.

Mfano mzuri ni mafuta ya kampuni ya Motul. RBF 600 huchemka kwenye nyuzi 312 ikiwa kavu, RBF 660 kwenye 325. Mtu ataona 660 imeshinda. Lakini zikishanywa maji, zote mbili huporomoka hadi mia mbili na kitu, na ubora wa 660 hauonekani tena. Castrol SRF, ya kampuni nyingine, ni ghali, ila hata ikiwa na maji hubaki karibu na 270, na hapo ndipo pesa yako ilipokwenda.

Kwa nini tujali nyuzi zote hizo? Chukua gari la kilo 1,300 linalotoka kilomita 160 kwa saa hadi 60 kabla ya kona. Joto linalozaliwa kwenye breki kwa mkanyago huo mmoja latosha kuchemsha lita 3 za maji ya bomba, na kona inayofuata haikungoji upoe. Joto hupita kwenye diski na pedi, likaingia kwenye pistoni za kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, likayafikia mafuta. Yakichemka, hutoa mvuke, na mvuke hubanika. Mguu unakwenda chini, gari linakwenda mbele.

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe lakini gari halishiki, pedi ndizo zilizozidiwa na joto. Pedali ikizama, mafuta yamechemka. Mimi ilinizamia. Nilikuwa nimetia mafuta mazuri, lakini kutoka kopo lililokaa wazi rafuni tangu kaskazi iliyopita. Mzunguko wa nne pedali ikagusa sakafu, nikaiwahi kwa kuipiga mara tatu za haraka. Bado nauona ukuta ule wa matairi. Tangu siku hiyo sitii mafuta ya kopo lililowahi kufunguliwa, hata liwe limejaa pomoni.

DOT 5 iache kabisa. Jina linafanana na 5.1, lakini ile ni silikoni, haichanganyiki na glaikoli, na haifai kwenye mfumo wa ABS, ule unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki. Maji yanayoingia humo hayayeyuki, hujikusanya mahali pamoja. Gari la Japani lenye kifuniko kilichoandikwa BF-3 linataka DOT 3. DOT 4 na 5.1 nazo zinakubalika humo.

Gari la barabarani tu mimi hulibadilishia mafuta kila mwaka. Linalokwenda uwanjani, kabla ya kila safari. Sihukumu kwa rangi: mafuta meupe yaweza kuwa yamejaa maji.

Kazi yenyewe yataka watu wawili na lita moja. Nafyonza mafuta ya zamani kichupani kwa sirinji, natia mapya, kisha naanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), ambalo kwa magari yetu mengi ni la nyuma kushoto. Kitabu cha gari kikisema vingine, fuata kitabu. Nipo, yaani vile vibomba vidogo vya kalipa vya kutolea mafuta na hewa, huku kwetu Pwani hushikwa na kutu ya chumvi, basi zipulizie dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi, na tumia spana ya mviringo. Nipo ikikatika, kalipa yote yatoka. Mwenzako akanyage pedali, wewe fungua nipo, funga, ndipo aachie. Chini ya pedali weka kipande cha mbao, hasa gari likiwa kuukuu, maana ukiisukuma hadi sakafuni mipira ya masta silinda hupita sehemu yenye kutu na kuchanika. Kichupa kisishuke chini ya alama, au utaingiza hewa na kuanza upya. Kalipa yenye nipo mbili, toa hewa zote mbili. Mafuta yakidondoka kwenye rangi ya gari, mwagia maji papo hapo.

Ukimaliza, washa injini, kanyaga kwa nguvu, shikilia dakika nzima. Pedali isisogee.

Mafuta yanayobaki koponi hayarudi rafuni. Klachi ya Impreza nyingi za gia za mkono hutumia mafuta hayohayo, nayo husahaulika miaka, basi huyamalizia huko siku ileile.