Aliyeachiwa huru India: rufaa za ardhi na matusi ya tabaka

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya 1967 ilichotwa kwenye ile ya India ya 1872, ndiyo maana wengine wetu bado tunasoma hukumu za kule. Siku hizi nasoma zaidi kesi ambazo ugomvi wa shamba umezaa shtaka la matusi ya tabaka.

Kwa kawaida majirani wanagombea mpaka, kesi ya madai haijaisha, kisha mmoja anamtukana mwenzake Dalit (mtu wa jamii zilizowekwa chini kabisa katika mfumo wa tabaka wa India) kwa tabaka lake. Jalada linafunguliwa chini ya Sheria ya 1989 ya kuzuia ukatili dhidi ya jamii kama hizo. Utetezi unajibu kwamba mlalamikaji anamsingizia mtu ili apate shamba, na mashahidi wake ni mkewe na kaka yake. Mshtakiwa anaachiwa.

Rufaa yenyewe si ngumu kuikata. Kifungu cha 14A cha sheria hiyo, kilichoanza kutumika Januari 2016, kinaipeleka Mahakama Kuu ndani ya siku 90. Kuishinda ndiyo kazi. Mahakama ya Juu, iliyo juu ya zote India, ilisema 2007, katika shauri la Karnataka, kwamba aliyeachiwa ana kinga maradufu: alihesabiwa hana hatia tangu mwanzo, na sasa kuna hukumu inayosema hivyo. Ushahidi ukibeba tafsiri mbili za kuaminika, jaji wa rufaa hatengui.

Halafu kuna suala la hadhara. Matusi lazima yatolewe mahali watu wanapoona. Mwaka 2008 mahakama hiyo ilikubali kwamba hata uwanja wa nyumba unatosha ikiwa mtu wa barabarani anaona ndani. Mwaka 2020, katika shauri la Uttarakhand lililofika kwake kabla ya ushahidi kusikilizwa, ilifuta shtaka hilo: maneno yalidaiwa kusemwa ndani ya kuta nne, pasipo watu baki, na ugomvi ulikuwa wa ardhi, si wa tabaka.

La kuta nne nalielewa. La pili linanikera, kwa sababu sheria hiyohiyo inataja kumpora Dalit ardhi yake kuwa ni ukatili. Ardhi na tabaka vinatenganishwaje hapo?

Ningepewa jalada la rufaa ya namna hii, ningeanza na mchoro wa polisi wa eneo la tukio: barabara iko wapi, nani alisimama wapi. Kisha maelezo ya kwanza polisi. Kama yanasema tu "alinitukana", na neno lenyewe la tabaka linatajwa kwa mara ya kwanza kizimbani, rufaa hiyo nisingeikata.