CCD ni kihisi, haina rangi yake

Matangazo ya kamera za mtumba siku hizi yanabebwa na herufi tatu: "CCD, rangi kama za filamu!" Modeli haitajwi, aina ya kadi haitajwi, wala huambiwi kama chaja ipo. CCD ni aina ya kihisi, kile kibamba cha silikoni nyuma ya lenzi kinachogeuza mwanga kuwa chaji ya umeme. Maana yake inaishia hapo.

Waliobuni CCD mwaka 1969 ni Willard Boyle na George Smith wa maabara za Bell, Marekani, na haja yao ya awali ilikuwa chombo cha kuhifadhi data, wala si kamera. Tuzo ya Nobel ya fizikia waliipata mwaka 2009. Kwenye CCD kila pikseli humsukumia jirani yake chaji yake, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji, mpaka ifike kwenye kikuzaji kilichoko pembeni na kupimwa. Kwenye CMOS, aina nyingine ya kihisi, kila pikseli ina kikuzaji chake. Zinapishana katika namna ya kuitoa chaji, na chaji haina wekundu wala ubluu.

Rangi huja na vichujio vidogo vyekundu, vya kijani na vya bluu vilivyobandikwa juu ya pikseli, kwa mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak ambao hataza yake ni ya mwaka 1976. CCD inavyo, CMOS inavyo. Vikiondolewa, zote mbili zitakupa picha ya kijivu. Baada ya hapo prosesa ndiyo inayoamua weupe uwe upi, ngozi iive kiasi gani, vivuli vizame wapi, kisha inabana kila kitu kuwa JPEG. Ile sura ya picha za mwaka 2005 inayopendwa ni kazi ya prosesa hiyo, lenzi ndogo, na flashi kali inayompiga mtu usoni huku nyuma kukibaki giza. Ndiyo maana kamera mbili za CCD za kampuni tofauti hazifanani rangi.

Wala CCD si kipimo cha uzee. Canon EOS D30 ya mwaka 2000 ina CMOS. Canon IXUS 185 ya mwaka 2017 ina CCD. Kwenye jina la IXUS, herufi HS, zilizoanza mwaka 2010, ni dalili ya CMOS.

Ukitaka kuhakikisha kwa macho, washa kamera na uielekeze kwenye taa kali. Mstari mweupe au wa zambarau ukikatiza skrini kutoka juu hadi chini kupitia kwenye taa, hiyo ni CCD: mwanga mkali umevujia kwenye njia inayopitisha chaji na kuchafua safu nzima. Kwenye picha yenyewe mstari huo kwa kawaida hauonekani, kwa sababu shata hufunga kabla chaji haijasomwa. Kwenye video utauona.

Na CCD nayo hufa. Nyingi zilizotengenezwa na Sony kati ya mwaka 2002 na 2004 zilikuwa na kasoro ya viunganishi vya ndani, vilivyoachia kwa joto na unyevu. Mwaka 2005 kampuni kadhaa zilitangaza matengenezo ya bure. Canon PowerShot A70 na A75 zimo. Kamera iliyokaa miaka Tanga au Mombasa ikague kwa makini zaidi. Tazama picha za zamani zilizo kwenye kadi, kisha piga mpya. Za zamani zikiwa safi na mpya ikatoka zambarau, imepindapinda au nyeusi tii, kihisi kimekwisha, na hakuna usafi wa lenzi utakaokiponya. Kagua kuvu pia: mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, utafute nyuzi kama za buibui.

Kwa hiyo, ndugu muuzaji, herufi hizo ziache kwenye tangazo, ila ziwe mahali pake: "Canon PowerShot A75, megapikseli 3.2, kihisi CCD kinafanya kazi, kadi ya CompactFlash, betri 4 za AA." Rangi zionyeshe kwa picha mbili ulizopiga wiki hii, moja nje mchana na moja ndani kwa flashi, bila kuzihariri.