Soko la haidrojeni ya kijani: maana yake na namna ya kulichunguza

Haidrojeni ya kijani hupatikana kwa kupitisha umeme kwenye maji hadi yagawanyike kuwa haidrojeni na oksijeni, kwa sharti kwamba umeme huo umetokana na jua, upepo, maji au jotoardhi. Kazi hiyo huitwa elektrolisisi. Haidrojeni nyingi inayotumika duniani leo bado hutengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe, na hewa ukaa inayotoka humo ni nyingi mno.

Anayechunguza soko lake hutafuta mambo mawili kwanza: mnunuzi ni nani, na umeme utapatikana kwa bei gani. Wengi huanza kwa kujumlisha ukubwa wa miradi iliyotangazwa, na hapo ndipo hesabu zao huharibika. Kutangaza ni rahisi. Mkataba wa kununua, uliotiwa saini, una uzito kuliko matangazo kumi.

Kilo moja ya haidrojeni hula takriban uniti 50 hadi 55 za umeme na maji yasiyopungua lita 9. Uniti ikiwa senti 4 za dola, umeme peke yake unafika dola 2 na zaidi. Ikiwa senti 10, ni dola 5 na ushee, kabla ya mtambo, mafundi na riba ya mkopo.

Tazama Kwekwe, Zimbabwe. Kiwanda cha Sable Chemicals kilizalisha haidrojeni kwa elektrolisisi tangu miaka ya 1970, kikaigeuza amonia ya kutengenezea mbolea. Wakulima walikuwapo na mitambo ilifanya kazi miongo kadhaa. Umeme ulipokuwa haba na ghali, kitengo cha elektrolisisi kilifungwa mwaka 2015, kiwanda kikategemea amonia ya kuagiza.

Ndiyo maana naona Kenya imeanzia mahali pazuri: mkakati wake wa mwaka 2023 unaipa mbolea kipaumbele, kwa kuwa nchi hununua mbolea nyingi nje na ina jotoardhi ya Olkaria, ambayo huzalisha umeme usiku na mchana. Oman, kupitia kampuni ya serikali ya Hydrom, inalenga zaidi kuuza nje. Huko mchunguzi ataongeza gharama za bandari, za kugeuza haidrojeni kuwa amonia na za meli. Kwa Kenya, ataulizia bei ya mfuko wa mbolea shambani, aulinganishe na ule unaoshushwa Mombasa.