Je, wajua kwa nini kioo cha TV hakibanwi kwenye fremu yake?

Fundi aliilaza TV ya mama juu ya blanketi lililokunjwa mara mbili, akafungua mgongo, akaigeuza chali, kisha akaanza kuibandua fremu ya mbele kwa kipande cha plastiki, kibano kimoja kimoja, tak, tak, tak, mpaka ikatoka yote. Kioo kikabaki wazi. Akakigusa ubavuni kwa vidole viwili, akakisukuma. Kikasogea. Kidogo sana, lakini kilisogea, na mimi nikaona hapo ndipo ubovu ulipo.

"Hapana, dada," akasema bila kuinua macho. "Hiki hakibanwi. Hiki kinalazwa."

Tulikuwa kwenye banda lake Nianjema, hapa Bagamoyo. TV yenyewe ni ya nchi 43, ilinunuliwa Kariakoo na kuletwa na daladala ya Makumbusho, boksi limelazwa bapa juu ya viroba kwenye kiti cha nyuma. Boksi lilifika halina hata kovu. Usiku wa kwanza tu, picha ilipokuwa nyeusi, tukaona wingu jeupe kwenye pembe ya chini kushoto. Fundi wa kwanza tuliyempelekea alisema fremu imelegea, akakaza kila skrubu. Baada ya wiki mawingu yakawa mawili.

Swali nililorudi nalo nyumbani ndilo hili: kitu cha bei kubwa na chepesi kuvunjika namna ile, kwa nini kiachwe kinaelea ndani ya fremu badala ya kushikwa barabara?

Anza na kioo chenyewe. Paneli ya TV ya LCD ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja, kila kimoja unene wake kama nusu milimita au zaidi kidogo. Katikati yao kuna majimaji yenye tabia ya fuwele, aina ya kitu ambacho mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, alikigundua mwaka 1888 alipokuwa akichunguza kemikali zilizotoka kwenye karoti. Nafasi yanamokaa majimaji hayo ni mikroni chache tu, yaani sehemu chache za elfu za milimita. Unywele wa kichwani una unene wa mara kumi na zaidi ya hapo. Na picha nzima inategemea nafasi hiyo ibaki sawasawa kutoka pembe hadi pembe.

Ukitaka kuona kwa macho yako, chukua kikokotoo cha zamani ubonyeze kioo chake kwa kidole. Rangi inatawanyika kama mafuta juu ya maji, na ukitoa kidole inarudi. Umeminya ile nafasi, na mwanga ukapita njia nyingine. Sasa fikiria kidole kile hakitoki, kinakaa pale mchana na usiku. Hilo ndilo wingu jeupe la mama. Hakuna taa iliyokufa wala saketi iliyoungua. Ni pembe inayobanwa.

Ndiyo maana ndani ya fremu kuna sponji. Kwenye TV nyingi za fremu, mpangilio ni huu: nyuma kabisa bati lenye taa za LED, mbele yake ubao mweupe wa plastiki na karatasi laini za kusambaza mwanga, halafu fremu ya kati ya plastiki, halafu paneli, halafu fremu ya mbele. Paneli imekaa juu ya fremu ya kati kupitia vipande vyembamba vya sponji au raba ya silikoni, na fremu ya mbele nayo ina vipande vyake kwa ndani. Kioo kimewekwa katikati ya vitu viwili laini, kama andazi kwenye kitambaa. Hakuna skrubu hata moja inayokigusa. TV mpya zisizo na fremu ya mbele hutumia gundi laini ya pande mbili badala ya kubana, lakini shabaha ni hiyo hiyo: kioo kishikwe na kitu kinachokubali kunywea.

Sababu ya pili ni joto, na hapa mafundi seremala wa Bagamoyo wangeweza kuwafundisha wengi. Nenda kwa yeyote anayetengeneza milango ya paneli umtazame anavyoiunga. Fremu ya nje anaipiga gundi, lakini ule ubao wa katikati anauingiza kwenye mfereji wake mkavu, bila gundi wala msumari. Masika yakija ubao unavimba, kiangazi unasinyaa, na ndani ya mfereji una pa kwenda. Ukiupiga gundi, mwaka haupiti kabla haujapasuka kwa urefu. Fundi wa mlango na fundi wa TV wote wanasema "paneli", na naona wana haki kabisa ya kugawana neno hilo.

Kwenye TV hakuna mbao, ila kuna kioo, bati na plastiki, na kila kimoja kinatanuka kwa kipimo chake. Kioo cha nchi 43 kina upana wa karibu sentimita 95. Joto likipanda kwa nyuzi 30, kioo hicho kinarefuka kwa sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Fremu ya alumini yenye upana huo inarefuka zaidi ya nusu milimita, na ya plastiki ya kawaida inapita milimita 2. Sasa ifunge fremu ya plastiki kwa kubana ikiwa imetoka juani kwenye keria ya gari, kisha uiweke chumbani ipoe: fremu inasinyaa, kioo hakisinyai, na anayeumia anajulikana. Zile karatasi za mwanga nazo zisipopata mwanya zinajikunja, na wewe mbele unaona vivuli kama mawimbi.

Kuna jambo la tatu, na hili ndilo linalovunja vioo kabisa. Kioo ni kigumu sana ukikiminya na dhaifu sana ukikivuta au kukikunja, kwa sababu pembezoni mwake huwa na nyufa ndogo zisizoonekana. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza Alan Arnold Griffith alionyesha kwa hesabu na majaribio kwamba nyufa hizo ndizo zinazoamua kioo kitavunjika lini, si ugumu wa kioo chenyewe. Fundi wa madirisha anajua hilo bila hesabu. Anachovya kigurudumu cha kikatio kwenye mafuta ya taa, anapitisha mstari mmoja mwembamba, anagonga kidogo, kioo kinaachana pale pale alipotaka. Paneli za TV nazo hukatwa kwa kuchorwa mstari, kwa hiyo kila ukingo wake umebeba alama za kuzaliwa. Skrubu moja ndefu kupita kiasi, punje ya mchanga iliyoingia kati ya fremu na ukingo (na mchanga Bagamoyo haukosekani), inatosha kuwa ile nukta ambako ufa unaanzia.

Hapo ndipo safari ya daladala inapoingia. Beba bati la futi 10 bapa kichwani, linapepesuka mbele na nyuma. Lisimamishe kwa ubavu, linatulia. Paneli ni hivyo hivyo. Ikisimama, uzito wake unakaa kwenye ukingo wa chini na kioo hakikunjiki. Ikilazwa, katikati inaning'inia, na kila tuta kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege hadi Zinga linaikunja na kuikunjua, huku sponji za pembeni zikisuguliwa na kusukumwa kutoka mahali pake.

Na sponji zile za ndani si za kuokoa mporomoko. Hesabu yake ni rahisi. Boksi likianguka kutoka sentimita 20 na kioo kikasimamishwa ndani ya milimita 1, kinapokea kwa wastani nguvu ya mara 200 ya uzito wake. Kioo cha kilo moja na robo kinalemewa kana kwamba umekitwisha kilo 250. Kikipewa sentimita 2 za kunywea, inashuka hadi mara 10. Hizo sentimita 2 zinatoka kwenye lile povu gumu jeupe lililojaa pembe za boksi. Kwa hiyo ukihama nyumba, tafadhali, boksi na povu lake visiwe vimekwenda jalalani.

Narudi Nianjema. Fundi alipokinyanyua kioo, alishika kwa viganja pande mbili, akiepuka ukingo wenye riboni, vile vipande laini vya rangi ya kahawia vinavyounganisha kioo na saketi. Riboni ikibanwa au ikivutwa, TV inapata mistari ya kusimama, na hiyo mara nyingi haina dawa. Chini yake tukaona chanzo cha mawingu yote mawili. Pembe ya kushoto, kipande cha sponji kilikuwa kimebanduka na kujikunja juu ya chenyewe, unene mara mbili. Upande wa juu, sponji haikuwepo kabisa: fundi wa kwanza aliiondoa na kuweka solotepu nyeusi ya umeme, tabaka tatu, ngumu kama ukucha. Kisha akakaza. Mawingu mawili, sababu mbili.

Nilimuuliza kama sponji ya kandambili ingefaa. Akakataa: ni ngumu, na ukiikata kwa mkono hapa inakuwa nene na pale nyembamba, kumbe kinachotakiwa kuliko vyote ni unene ulio sawa. Mpira wa tyubu ndio kabisa usiuguse. Ya godoro inanywea mpaka inakuwa si kitu, tena unyevu wa pwani unaiharibu; sponji za aina hiyo baada ya miaka hubomoka zikawa unga unaonata. Yeye alitumia utepe wa sponji laini wenye gundi upande mmoja, unene wa milimita 1, akaubandika bila kuuvuta, maana ukivutwa unakuwa mwembamba na kesho unarudi.

Kisha akachukua kadi ya benki iliyokwisha muda. Unene wake haufiki milimita 1. Akaipitisha kwenye mwanya kati ya kioo na ukuta wa fremu ya kati, pande zote nne, akakisogeza kioo hadi kadi ikapita kila mahali bila kusukumwa. Skrubu alizirudisha kwa bisibisi ya mkono, kwa mpango wa msalaba, na kila moja ilipogota tu akaiacha.

Alinipa onyo moja la ukutani. Nyumba ya mama iko Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, hazijanyooka. Bango la chuma la kuning'inizia TV likikazwa juu ya ukuta uliopinda nalo linapinda, na TV iliyofungwa juu yake kwa skrubu nne inasokoteka mgongo, kazi yote ya sponji ikarudi kuwa bure. Akasema nitangulize ubao ulionyooka ukutani, nijaze washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu, kwenye mabonde, ndipo bango lifuate.

Nikairudisha kwa bajaji, imesimama katikati ya magoti yangu. Saa mbili kasoro usiku tukazima taa zote, mama akaiwasha, na kabla ya taarifa ya habari kukawa na zile sekunde chache za weusi mtupu. Tukainama wote wawili kuangalia pembe ya chini kushoto.

Ilikuwa nyeusi.