Kwa nini utando mwembamba wa plastiki hulegea mapema

Polistaireni, ile plastiki ya vikombe angavu vinavyopasuka ukivibana, ni kioo kwa maana ya kifizikia: minyororo ya molekuli zake imeganda bila kujipanga. Ukiipasha hadi nyuzijoto 100 za Selsiasi hivi, inaanza kulegea. Hilo ndilo joto la mgeuko. Mwaka 1994 watafiti Keddie, Jones na Cory walionyesha kuwa utando wake juu ya silikoni (ile ya chipu za kompyuta), ukiwa chini ya nanomita 40, hulegea mapema; nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwenye nanomita 10 joto la mgeuko lilishuka kwa zaidi ya nyuzi 20.

Chanzo kikuu ni uso unaogusa hewa. Molekuli za hapo hazibanwi na nyingine upande wa juu, hivyo husogea kwa urahisi, na ulegevu huo hupenya nanomita kadhaa ndani. Utando mnene haushtuki. Wa nanomita 20 huathirika karibu wote. Usioshikizwa chini, wenye nyuso mbili huru, umewahi kushuka kwa nyuzi 70. Kitako, yaani kile utando unachokalia, nacho kina nguvu zake: akriliki, plastiki nyingine, juu ya oksidi ya silikoni hushikana nayo kwa bondi za haidrojeni na joto la mgeuko hupanda, ilhali juu ya dhahabu hushuka.

Anayetaka kupima ayeyushe polistaireni katika kiyeyusho cha tolueni kwa asilimia 1 ya uzito, achuje kwa kichujio cha maikromita 0.2, kisha aimwage juu ya kipande cha silikoni kinachozunguka mara 3000 kwa dakika. Atapata takriban nanomita 40. Hatua inayoharibu kazi nyingi ni kukausha. Tolueni kidogo ikibaki hulainisha plastiki na kushusha joto la mgeuko, ukadhani ni wembamba. Kausha ndani ya ombwe kwa nyuzi 120 usiku kucha, lakini kagua kwa darubini: utando uliopashwa kupita kiasi hutoboka na kujikusanya kuwa matone.

Pima unene kwa elipsomita, kifaa kinachotumia mwanga unaoakisiwa, wakati wa kupoza, si wa kupasha. Grafu ya unene dhidi ya joto itatoa mistari miwili yenye miinamo tofauti, nayo hukutana kwenye joto la mgeuko. Andika daima kasi ya kupoza. Kwa nyuzi 1 kwa dakika mshuko wa joto la mgeuko unaonekana wazi. Kwa zaidi ya nyuzi 90 kwa dakika karibu unatoweka, kwani tabaka la juu halipati muda wa kuonyesha wepesi wake.